Nani Atapanda Juu ya Paa?

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, lililokuwa likiitazama bahari ya Forodhani tangu 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Mafundi walikuwa ndani wakilikarabati kwa msaada wa Oman. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 2012, kipande cha jengo hilohilo kilikuwa kimeanguka na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa. Jumba la mawe ya matumbawe na nguzo za chuma, linalopigwa na upepo wa chumvi mwaka baada ya mwaka, halianguki kwa siku moja. Linaanza kuanguka siku mfereji wa paa unapoziba na asitokee mtu wa kuuzibua.

Nyumba nyingi za kwetu hufa kwa njia hiyo, ila hazitangazwi. Ukuta wa jikoni unachubuka, dari ya chumba cha watoto inaota doa la rangi ya chai, mlango unagoma kufunga kwa sababu fremu imeshuka. Miaka inapita, halafu siku moja mwenye nyumba anaambiwa gharama ya kuirudisha ni sawa na kujenga upya. Ukiuliza kwa nini haikutengenezwa mapema, jibu la kwanza ni fedha. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Wapo watu wenye kipato kizuri wanaoishi chini ya paa linalovuja, na wapo wazee wasio na kitu ambao vibanda vyao havijawahi kupitisha tone. Kwa maoni yangu swali linalotangulia fedha ni hili: katika nyumba hii, ni nani mwenye wajibu, mamlaka na sababu ya kupanda juu ya paa kabla mvua haijanyesha? Nyumba nyingi hazina mtu huyo. Nyingine zinaye mtu mwenye wajibu, ila hana mamlaka.

Kabla ya kuwatafuta watu hao, inafaa tuelewe kinachoziua nyumba, maana adui wa kwanza anajulikana. Ni maji. Mji Mkongwe wa Zanzibar unalionyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi. Sakafu zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri hazizidi sana mita tatu, vyumba vimekuwa vyembamba na virefu. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, na udhaifu wote umefichwa hapo. Maji yakiingia juu, kwa bati lililotoboka au kwa mfereji uliojaa majani, hayatiririki nje mbele ya macho ya watu. Hushuka ndani ya ukuta, huusomba udongo ulioshika mawe, na huzilowesha zile ncha. Boriti inaoza pale pasipoonekana. Ukiitazama ukiwa chini, katikati ya chumba, ni nzima, imara, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Kumbe imebaki kushikwa na mazoea tu. Sakafu inaposhuka, familia husema nyumba imezeeka, ingawa huenda chanzo chote ni mfereji mmoja.

Adui wa pili tulimkaribisha wenyewe, tukidhani ni mlinzi. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Unyevu wa masika huondoka na jua la kiangazi. Ukiupiga lipu ya saruji umeufunga. Maji yanaendelea kuingia kwa juu na kupanda kutoka ardhini, lakini hayana pa kutokea, hivyo yanasukuma chumvi hadi chini ya ile lipu mpya. Baada ya misimu michache lipu inavimba na kutoka vipande vipana, ikiondoka na ngozi ya jiwe lenyewe. Hapo fundi huitwa tena, na mara nyingi hupiga saruji nzito zaidi kuliko ya kwanza. Simlaumu sana fundi huyo. Chokaa inataka subira: matumbawe yachomwe kwenye tanuri, yazimwe kwa maji, yalale muda, kisha yapakwe tabaka baada ya tabaka, kila moja likingoja hewa iligandishe polepole. Saruji hushika siku hiyohiyo, na mteja anayelipa kwa kutwa anataka kuona ukuta umekauka kabla ya jioni.

Nyumba ya mawe ilikuwa ya wenye uwezo. Wengi wa pwani na bara waliishi katika nyumba za miti na udongo, na huko matengenezo yalikuwa na ratiba yake bila kuandikwa popote. Baada ya masika vijana walikandika upya pale mvua ilipobomoa. Akina mama walisiriba kuta na sakafu. Makuti yalibadilishwa kila baada ya miaka michache, upande mmoja mwaka huu na mwingine mwaka unaofuata, na aliyeezeka alijua kuwa atasaidiwa siku ya kwake. Nyumba za mjini zilipakwa chokaa Idi ilipokaribia. Huko Kilimanjaro safari ya Desemba ya kurudi nyumbani bado ni msimu wa matengenezo: watoto wanawasili kutoka Dar es Salaam na Arusha, lango linapakwa rangi, bati linapigiliwa, bomba la uani linapata koki mpya. Hakuna aliyeita kazi hizo mradi. Zilikuwa sehemu ya mwaka, kama kupanda na kuvuna. Na tusisahau kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na wanawake bila malipo. Utaratibu ule ulipokufa, kwa kiasi fulani ulikufa kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuhesabu kuwa ni kazi.

Ulikufa pia kwa sababu ya tofali la saruji. Familia iliyohama kutoka udongo kwenda tofali na bati iliamini kwamba sasa imepumzika, na imani hiyo inaeleweka kwa mtu aliyesiriba tangu utoto. Lakini nyumba ya tofali inataka kutunzwa vilevile, ila inachelewa kudai. Bati jembamba la geji 32, linalonunuliwa sana kwa kuwa ni nafuu, huanza kutoboka kwenye matundu ya misumari, hasa karibu na bahari na hasa kama misumari ilipigwa bila mpira wake. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni linabeba chumvi tangu siku ya kwanza. Nondo zilizofunikwa kwa zege dogo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nguzo hujipasua yenyewe kutoka ndani. Ufa mwembamba ulionyooka sambamba na nondo si wa kuzibwa kwa rangi. Ni taarifa.

Mifereji ya paa ina hesabu yake ya kiafya pia. Maji yaliyotulia ndani ya mfereji uliozibwa na majani ni makazi mazuri ya mbu wa aina ya Aedes, wale wanaoeneza homa ya dengue, na Dar es Salaam inaikumbuka dengue ya 2014 na ya 2019. Karo lisilovutwa kwa miaka linafurika wakati wa masika, wakati ambapo maji yake yanaweza kufika kisimani kwa jirani. Tanki lisilooshwa, waya uliounganishwa kwa gundi ya karatasi, mpira wa gesi uliokauka na kupasuka: kila kimoja ni kazi ya saa chache, na kila kimoja kikiachwa kinaweza kuua.

Basi nani afanye? Hapa ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu, kwa sababu umiliki wa nyumba katika miji yetu umepita katika mikono mingi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wamiliki wengi wa Mji Mkongwe waliondoka au waliondolewa, na nyumba zao zikawa mali ya Serikali. Familia zilizokuwa hazina pa kukaa zikapewa vyumba, na hilo lilikuwa tendo la haki kwa watu walionyimwa mji wao kwa muda mrefu. Lakini nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa ya kaya tano au sita, kila moja ikiweka jiko na mahali pa kuogea ghorofani, maji yakimwagwa juu ya sakafu za boriti ambazo hazikuwahi kuundwa kuyapokea. Kodi ilikuwa ndogo mno hata isingeweza kununua bati. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutengeneza kisicho chake, na Serikali ilikuwa na majumba mengi kuliko mafundi wake. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ikaja 1994, na mwaka 2000 mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatua hizo zilisaidia sana kuzuia wanaobomoa. Kumlazimisha mtu atengeneze ni jambo jingine kabisa, kwa sababu amri haina bati.

Nyumba zilizogeuzwa hoteli zimetunzwa vizuri zaidi, na sababu iko wazi: mgeni akilowa usiku, mwenye hoteli anapoteza fedha asubuhi. Lakini hata hapo ningeomba tahadhari. Hoteli inataka bafu katika kila chumba, pamoja na mabomba ndani ya kuta za chokaa na matanki mazito juu ya paa. Jengo linapakwa rangi nzuri mbele ya barabara huku likilowa ndani kuliko lilivyowahi kulowa lilipokuwa makazi.

Kundi ambalo halisemwi vya kutosha ni nyumba za urithi. Mzee amefariki, warithi ni wanane, mirathi haijagawanywa. Mmoja yuko Muscat, mwingine Toronto, wawili Mombasa, na ndani ya nyumba anaishi binti mkubwa aliyemuuguza baba. Paa linavuja. Yeye ndiye anayelijua, lakini hana fedha, na hata akizipata anaogopa: akitengeneza, ndugu watasema anajiandalia kudai nyumba. Walio nje wanaogopa kinyume chake, kwamba watatuma fedha zitakazoongeza thamani ya mali ambayo mwingine ndiye anayeifaidi. Kila mmoja ana hoja nzuri, na jumla ya hoja hizo nzuri ni nyumba iliyoanguka. Nimeona ndugu wanaopendana kwa dhati wakishindwa na jambo hili moja. Ugomvi wa namna hiyo hautibiwi na mahakama pekee. Unatibiwa mapema, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba kila kinachotumika kwa paa, kuta na maji taka kinahesabiwa kuwa deni la nyumba, litakalolipwa kabla ya mgawo, na kwamba mtu aliyepo ana ruhusa ya kumwita fundi hadi kiasi fulani bila kuuliza.

Kanuni hiyo wala si ngeni kwetu. Sheria ya Kiislamu ya wakf, yaani mali iliyotengwa daima kwa manufaa ya wengine, ambayo pwani hii imeishi nayo kwa karne nyingi, inalitanguliza jambo hilihili: pato la mali ya wakf hutumika kwanza kuiimarisha mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate sehemu yao. Mwanachuoni anaona hapo uaminifu kwa nia ya mtoaji. Mimi naona pia akili kubwa ya kiuchumi. Aliyeweka kanuni hiyo alielewa kwamba wanufaika, wakiachiwa wachague, watakula kodi yote na kuacha kuta. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za wakf zimechakaa, Zanzibar, Lamu na Mombasa, kwa kuwa kodi zake zilibaki za zamani huku bei ya mbao na chokaa ikipanda. Hilo ni kosa la kiwango cha kodi. Mpangilio wa malipo ulikuwa sahihi.

Kwa wapangaji wa kawaida sheria imeshasema kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zote zinamwekea mwenye jengo, anapokodisha sehemu tu ya jengo hilo, wajibu wa kutunza paa, kuta za nje, kuta kuu na mifereji mikuu. Lakini mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kupitia dalali, kwa mkataba wa ukurasa mmoja, hana nguvu ya kudai. Fedha imeshatoka mkononi mwake. Akilalamika sana, anajua mwisho wa mkataba hataongezewa. Kwa hiyo anaweka beseni chini ya tone na kungoja. Kodi ya mwezi kwa mwezi ingempa mpangaji sauti zaidi kuliko vifungu kumi vya sheria, kwa sababu mwenye nyumba angekuwa na la kupoteza mwezi ujao.

Halafu kuna ghorofa. Majumba marefu ya Michenzani, Zanzibar, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu makao ya kisasa, na wakazi wengi wanayapenda kwa haki. Ndani ya vyumba utakuta usafi wa kupigiwa mfano. Ngazi, paa na bomba la maji taka linalopita kwa watu wote ni hadithi nyingine, na wakazi wa juu wamezoea kupandisha maji kwa ndoo. Dar es Salaam ina majengo ya katikati ya mji yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971, yakasimamiwa na Msajili wa Majumba hadi 1990 yalipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na huko nako kodi ndogo ya miaka mingi iliacha deni kubwa la ukarabati. Sasa tunajenga ghorofa za kuuza chumba kimoja kimoja. Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, Zanzibar 2010, na Kenya ikaiandika upya ya kwake mwaka 2020. Zote zinataka wamiliki wawe na chombo cha pamoja kinachokusanya ada na kutunza mali ya wote. Kinachokosekana ni watu kukubali kwamba lifti, pampu na paa ni vyao hata kama wanaishi ghorofa ya chini. Anayekataa kulipa ada kwa sababu hatumii lifti anasahau kwamba paa la juu ndilo linalomkinga na yeye.

Ukichukua makadirio ambayo wahandisi wengi huyatumia, ya asilimia 1 hadi 2 ya gharama ya ujenzi kila mwaka, nyumba iliyogharimu shilingi milioni 60 inahitaji kutengewa laki 6 hadi milioni 1.2 kwa mwaka, yaani elfu 50 hadi laki moja kwa mwezi. Kwa kaya nyingi hicho ni kiasi kizito. Lakini tazama namna Serikali ya Tanzania ilivyofanya mwaka 2021: kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia mita za umeme za LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na watu wakailipa kidogokidogo, pamoja na manung'uniko ya wapangaji waliojikuta wakibeba mzigo wa wenye nyumba. Senti zinazotoka kila mwezi zinavumilika kuliko milioni zinazodaiwa kwa ghafla. Vikoba vyetu vina mifuko ya misiba, ya harusi na ya ada za shule. Sioni kwa nini visiwe na mfuko wa mabati.

Wafadhili nao wanastahili kuambiwa jambo. Fedha za kukarabati jengo maarufu hupatikana, na kazi nzuri zimefanyika. Ukarabati wa Dispensari ya Zamani kule Mizingani, uliofanywa na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990, ulifundisha mafundi wengi kuheshimu chokaa. Ila mradi una mwanzo na mwisho, na unyevu hauna. Jengo lililokarabatiwa bila bajeti ya miaka 20 inayofuata limeahirishiwa tu kuanguka kwake. Kila mkataba wa ukarabati ungetakiwa kuwa na fungu la mtu mmoja wa kudumu, mwenye ngazi, ndoo ya chokaa na mamlaka ya kununua bati.

Na tuwe wakweli kuhusu mafundi. Tumewafundisha kuitwa wakati wa balaa. Fundi bomba anakuja maji yakiwa yamefika sebuleni, fundi umeme akija baada ya soketi kuungua. Hatuna desturi ya kumlipa fundi ili atazame. Anayekuja, akakagua na kusema hakuna tatizo, huondoka na nauli au mikono mitupu, hivyo amejifunza kutafuta tatizo au kulisubiri. Vyuo vya ufundi vya VETA vinatoa vijana wanaojua kupiga lipu, kuunga mabomba na kufunga waya, lakini ukaguzi wenyewe haujawa kazi yenye bei. Ningependa uwe nayo. Februari, kabla ya masika, fundi mmoja anayeaminika alipwe ujira wa siku nzima apande juu ya paa na kukagua misumari, kofia na mifereji, ashuke darini atazame mbao na njia za mchwa, agongegonge lipu akisikiliza palipo wazi ndani, afungue chemba, azime umeme mkuu na kukaza viunganishi, kisha aandike kwenye daftari la nyumba alichokiona, hata kama ni neno moja tu kwamba pazuri. Daftari hilo libaki na nyumba, si na mtu, ili mrithi, mpangaji au mnunuzi ajue paa lilitazamwa lini mara ya mwisho na nani.